Namba Ukingoni: Jinsi ya Kukusanya Stempu za Marekani za Karne ya 19 Zenye Namba ya Bamba

Chukua stempu tatu nyekundu za senti 2 zenye kichwa cha George Washington, za mwaka 1895, zikiwa bado zimeshikana. Ni kitu cha kawaida mno. Zilichapwa nyingi hata leo unaweza kununua fungu zima kwa bei ya chai na mandazi. Sasa zitazame tena, ila safari hii chini yake pamebaki ukanda wa karatasi nyeupe, na kwenye ukanda huo limechapwa jina la kiwanda pamoja na namba. Picha ni ileile na senti ni zilezile, lakini mkusanyaji atakaa kimya, atachukua kioo chake cha kukuza, na bei haitakuwa ya mandazi tena.

Namba hiyo ndiyo namba ya bamba. Wachapaji waliichonga kwenye bamba la chuma ili wajue lipi liko kwenye mashine, lipi limechakaa, lipi liko ghalani na nani aliyakabidhiwa. Ilikuwa hesabu ya kiwandani, haikumhusu mnunuzi wa stempu hata kidogo. Ndiyo maana iliwekwa nje ya stempu, kwenye ukingo wa karatasi ambao karani wa posta aliuchana na kuutupa.

Waliozoea stempu za Uingereza huchanganyikiwa hapa. Stempu nyekundu ya peni moja iliyotoka mwaka 1864 ina namba ndani ya fremu yake, kuanzia 71 hadi 225, hivyo stempu yoyote iliyotumika inajieleza yenyewe. Ya Marekani haijielezi hivyo. Ukingo ukichanwa, namba imekwenda nao. Kwa hiyo unachotafuta ni stempu zilizobahatika kubaki na ukingo wake kwa zaidi ya miaka 120.

Hatua ya 1: Elewa bamba kabla ya kununua chochote

Mchongaji alichonga picha moja tu, kinyume, kwenye kipande kidogo cha chuma laini. Kipande kikakazwa kwa moto, kisha kikabanwa kwa nguvu kwenye gurudumu la chuma laini hadi picha ikahamia humo. Gurudumu nalo likakazwa, likabingirishwa juu ya bamba mara 200, kila mara likiacha stempu moja. Mabamba mengi ya karne ile yalikuwa na stempu 200, nusu kushoto na nusu kulia, na karatasi ikishachapwa ilikatwa katikati ikawa mashiti mawili ya stempu 100.

Mambo mawili yanatokana na kazi hiyo. La kwanza, gurudumu likibingirishwa vibaya kisha likarudiwa, mistari hujirudia kama kivuli, na kasoro hiyo inakaa kwenye stempu ileile ya bamba lile kila linapochapa. La pili, hesabu yenyewe inakuonyesha uadimu: kwenye shiti la stempu 100, namba ilikaa sehemu chache tu za ukingo. Stempu nyingine zote za shiti hilo hazikugusa namba.

Tena kuna hila. Bamba likichakaa, kiwanda kiliweza kulifanyia ukarabati, yaani gurudumu linabingirishwa upya juu ya picha zilezile, na namba inabaki ileile. Senti 3 ya mwaka 1851 ni mfano mzuri: bamba namba 1 lina hali tatu, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, na wakusanyaji huzihesabu kama mabamba matatu. Lipo pia bamba ambalo halikuwa na namba kabisa, nao wakaliita bamba 0. Daktari Carroll Chase alitumia miaka mingi ya maisha yake kuzipanga stempu hizo zisizo na vitobo (matundu madogo ya kuchania kati ya stempu na stempu), nafasi kwa nafasi. Mabamba 13, kila moja na stempu 200, ni nafasi 2,600. Sikushauri uanzie huko, lakini ni vizuri kujua shimo hili lina kina gani.

Hatua ya 2: Chagua kipindi kimoja

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Wanataka karne nzima, wananunua kinachong'aa, na baada ya miaka miwili wana vipande kumi visivyoongea. Karne ya 19 ya Marekani imegawanyika kwa wachapaji, na kila mchapaji ana tabia zake.

Kuanzia mwaka 1851 kazi ilikuwa ya Toppan, Carpenter, Casilear & Co. wa Philadelphia. Jina lao na namba vilikaa katikati ya ukingo wa pembeni, kushoto kwa shiti la kushoto na kulia kwa shiti la kulia. Hadi mwaka 1857 stempu hazikuwa na vitobo. Watu walikata kwa mkasi, na mkasi wa mtu mzembe ndiyo baraka yetu, kwa sababu mara mojamoja uliacha kipande cha ukingo kikiwa na herufi chache za jina. Kipande kama hicho juu ya bahasha iliyosafiri ni kitu cha kupendeza sana, nacho kinauzwa kwa bei ya kutisha.

Mwaka 1861 National Bank Note Company ya New York ilichukua mkataba, wakati Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vimeanza. Serikali ilizifuta stempu za zamani kwa sababu akiba kubwa ilikuwa imebaki mikononi mwa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, ikatoa sura mpya. Kampuni hiyohiyo ilichapa stempu za picha za mwaka 1869, ambazo baadhi yake zina rangi mbili. Hizo zilihitaji mabamba mawili, moja la fremu na moja la picha ya kati, na karatasi ilipita kwenye mashine mara mbili.

Mwaka 1873 ikaja Continental Bank Note Company. Mwaka 1879 Continental ikamezwa na American Bank Note Company, ambayo iliendelea hadi mwaka 1894. Kazi yake inayojulikana zaidi ni stempu za Columbus za mwaka 1893, zilizotolewa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Chicago: thamani 16, kuanzia senti 1 hadi dola 5. Ile ya senti 2 pekee ilichapwa zaidi ya nakala bilioni 1.4.

Tarehe 1 Julai 1894 kazi ilihamia serikalini, kwa Bureau of Engraving and Printing mjini Washington. Wao walitumia picha za toleo la 1890 lakini wakaongeza pembetatu ndogo kwenye kona za juu, ili stempu zao zijulikane.

Ushauri wangu, na wapo watakaoupinga: anzia kwa Bureau, mwaka 1894 hadi 1898, thamani ya senti 1 au senti 2. Sababu ni tatu. Mabamba yalihesabiwa kwa mfululizo mmoja kuanzia namba 1, hivyo mkusanyiko wako unakuwa na uti wa mgongo. Vipande bado vinapatikana. Na mabamba hayo yameandikwa vizuri: chama cha United States Stamp Society kina katalogi maalumu ya namba za mabamba, inayojulikana kwa jina la Durland, inayoonyesha namba zipi zilitumika na kwenye ukingo upi. Bila orodha ya namna hiyo unatembea gizani.

Wenye haraka ya uzuri waende kwa Columbus wa senti 2. Ni zambarau, pana, na hata mgeni asiyejua stempu ataiona nzuri.

Hatua ya 3: Amua umbo

Stempu moja yenye namba ukingoni ndiyo umbo la bei nafuu, na kwa maoni yangu halipewi heshima linayostahili. Umbo la jadi kwa toleo la Bureau ni mstari wa stempu tatu wenye jina la mchapaji na namba. Wakusanyaji wa zamani waliupenda, wakauchana hivyo kwa makusudi kutoka kwenye mashiti, na ndiyo maana umebaki. Juu yake kuna bloku ya stempu sita, mistari miwili ya tatutatu. Hii ni adimu zaidi kuliko mstari, na bei huruka. Kwa American Bank Note jina lilikuwa refu, likipita chini ya stempu kadhaa, hivyo utakuta mistari ya tatu, ya nne na zaidi. Na kwenye stempu za Columbus mara nyingi namba ina herufi jirani yake. Usikubali mstari uliopoteza herufi wakati muuzaji anauita kamili.

Halafu amua kama utatafuta namba moja mara moja tu, au namba hiyohiyo ukingo wa juu, wa chini na wa pembeni. Wa kwanza ni mradi wa miaka. Wa pili ni ndoa.

Vipi zilizotumika? Stempu iliyopigwa muhuri ikiwa na namba kamili ni ngumu kupata kuliko safi, kwa kuwa mtu aliyetuma barua hakuwa na sababu ya kubandika na ukingo. Ajabu ni kwamba wauzaji wengi hawalijui hilo. Pekua mafungu ya stempu zilizotumika bila aibu.

Hatua ya 4: Vifaa

Kibano chenye ncha bapa, kioo cha kukuza mara 10, kipimo cha vitobo, kisahani cheusi na majimaji ya kuonea alama ya maji, yaani herufi zilizofichika ndani ya karatasi yenyewe. Majimaji hayo hushika moto upesi, basi dirisha wazi na jiko mbali. Taa ndogo ya mwanga wa urujuani husaidia kuona gundi ya kisasa na maungio. Vidole usiviguse kwenye gundi, hata ukiwa umenawa.

Hatua ya 5: Kagua kama karani wa forodha

Tukiwa huku kwetu tunanunua mtandaoni, kwa picha. Mwombe muuzaji picha tatu: mbele, nyuma, na ya tatu ikipigwa na mwanga kutoka ubavuni. Anayekataa picha ya nyuma ana sababu, na sababu yake si yako.

Anza kwenye wino. Namba na jina la mchapaji vilichapwa kwa bamba lilelile, mara ileile, kwa wino uleule wa stempu. Kwa stempu ya rangi moja, namba lazima iwe na rangi hiyohiyo kwa undani wake, na wino wake uwe umevimba kidogo juu ya karatasi, kwa sababu uchapaji wa mchongo huacha matuta. Wino bapa, uliolala kama wa mhuri wa mpira, ni wa mtu aliyekaa mezani akakuandikia namba.

Kisha tazama mstari wa vitobo kati ya stempu na ukingo. Hapa ndipo udanganyifu mkubwa hukaa. Ukingo wenye namba, uliochanwa kwenye stempu mbovu, hubandikwa kwenye stempu nzuri isiyo na ukingo, na gundi mpya inapakwa nyuma yote ili kuficha kiungo. Niliwahi kununua mstari wa senti 1 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, nikaufurahia miezi mitatu. Siku moja nikautia kwenye majimaji kutafuta alama ya maji, ukaonyesha mstari mweusi mwembamba kupita kwenye vitobo vyote. Ukingo ulikuwa wa stempu nyingine. Sikurudishiwa pesa, na mstari ule bado ninao, nautumia kuwaonyesha vijana.

Hali ya kawaida ni tofauti. Mistari mingi ya miaka hii imelegea kwenye vitobo, na wakusanyaji wa kale waliishikiza nyuma kwa kikaratasi chenye gundi kiitwacho hinji. Hilo si udanganyifu, mradi limeelezwa. Usikimbilie kuitoa hinji hiyo. Ndiyo pengine inayozuia kipande chako kuwa stempu tatu za peke yao.

Gundi nayo isikupotoshe. Katika toleo la karne ya 19, gundi ya asili isiyo na alama ya hinji hulipiwa fedha nyingi mno, na kwa hiyo hughushiwa sana. Mimi huchukua iliyo na hinji nzito, namba ikiwa kamili na imesomeka, na fedha inayobaki inanunua namba nyingine. Kipaumbele chako kiwe namba yenyewe: haijakatwa, ukingo ni mpana wa kutosha, jina la mchapaji ni zima.

Angalia pia unene wa karatasi. Majaribio ya kuchapa yaliyofanywa kwenye kadi, yakichubuliwa nyuma na kukatwa, huuzwa kama stempu zisizo na vitobo zenye namba. Kwa kipande cha bei kubwa, nunua kwa sharti la cheti. Philatelic Foundation ya New York imekuwa ikitoa vyeti tangu mwaka 1945, na American Philatelic Society nayo ina huduma ya wataalamu. Ada ya cheti hutolewa kwa machozi, lakini hutolewa mara moja.

Hatua ya 6: Tambua ulichonacho, kwani namba peke yake haitoshi

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kosa la kwanza ni kuamini jina lililo ukingoni. Jina hilo linasema nani alitengeneza bamba; halisemi nani alichapa stempu iliyo mkononi mwako. American Bank Note ilipoimeza Continental mwaka 1879 ilirithi mabamba yake na ikaendelea kuyachapia. Kwa hiyo unaweza kushika mstari wenye jina la Continental na bado ni kazi ya American. Jibu liko kwenye karatasi. Karatasi ya Continental kwa kawaida ni ngumu, ukiipiga kwa ukucha inatoa mlio mkavu. Ya American ni laini, ina vinyweleo, na ukiinua kwenye mwanga utaona kama kitambaa kilichosokotwa. Jifunze kwa stempu za bei ndogo zilizoharibika, mbili kando kwa kando, hadi vidole na macho vikubaliane.

Kosa la pili linahusu Bureau. Stempu za mwaka 1894 zilichapwa kwenye karatasi isiyo na alama ya maji. Mwaka 1895 ikaanza karatasi yenye herufi USPS za mistari miwili. Mabamba hayakubadilishwa kwa sababu karatasi imebadilika, hivyo namba moja inaweza kuwa kwenye stempu isiyo na alama na kwenye stempu yenye alama, na bei zake ni mbingu na ardhi. Herufi zilitawanyika juu ya shiti zima, na stempu moja inaweza kuangukiwa na ncha tu ya herufi, au karibu pasipo kitu. Hapo ndipo mstari wa tatu unakuwa na faida: mahali pa kutafutia ni mara tatu. Usitangaze kwamba huna alama ya maji hadi umekagua kwa utulivu, kavu na kwenye majimaji. Na ukiona herufi R badala ya zile ulizozitarajia, kaa chini kwanza: baadhi ya stempu za senti 6 na senti 8 zilichapwa kwa bahati mbaya kwenye karatasi ya stempu za kodi, yenye herufi USIR.

Kwa senti 2 ya Bureau, chunguza pembetatu za kona. Aina ya kwanza, mistari mlalo inapita ndani ya pembetatu ikiwa na unene uleule. Aina ya pili, inapita lakini inakuwa myembamba ndani. Aina ya tatu, inakatika kwenye fremu na haivuki. Aina hizi zilifuatana kadiri magurudumu mapya yalivyotumika, kwa hiyo namba na aina lazima vielewane. Namba ikisema hivi na pembetatu ikisema vingine, rudi hatua ya 5 ukaangalie kiungo cha vitobo.

Hatua ya 7: Hifadhi, hasa ukiwa pwani

Mimi niko Mombasa. Masika yakianza, hewa inakuwa ya kukamua, na gundi ya mwaka 1894 haijui kwamba ni ya thamani. Inalainika na kushika chochote kilicho karibu. Weka vipande kwenye vifuko vya polista safi, aina ya mailari, si plastiki laini yenye harufu ambayo baada ya miaka hunyonya rangi. Albamu isimame wima kama kitabu, isilazwe chini ya nyingine. Pakiti za chumvi ya silika ndani ya sanduku linalofunga vizuri, zibadilishwe au zikaushwe kila mwezi wakati wa mvua. Kabati lisigusane na ukuta wa nje. Mara moja kwa wiki fungua, peperusha, tazama. Madoa madogo ya kahawia yakianza kwenye kipande kimoja, kitenge siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Daftari

Andika thamani, toleo, namba ya bamba, ukingo, umbo, aina ya pembetatu kama ipo, alama ya maji, hali ya gundi, hinji, ulinunua lini na kwa kiasi gani. Kalamu na daftari vinatosha, ingawa jedwali la kompyuta linakuruhusu kupanga kwa namba na kuona mapengo. Mapengo ndiyo yatakayokuambia ununue nini, muuzaji asikuambie.

Na kabla hujatoa fedha kwa namba yoyote ya Bureau, tembelea mtandaoni makumbusho ya posta ya Washington, National Postal Museum. Wameweka picha za shiti za majaribio zilizothibitishwa, kila bamba na shiti lake, likiwa na saini na tarehe ya kuidhinishwa. Kuza picha hadi ukingoni. Utaona namba imekaa wapi hasa, imechongwa kwa mkono wa namna gani, saba yake ina mkia au haina. Kisha weka pembeni picha ya kipande unachouziwa.